Mkalimani wa Picha Isiyosema

Mtu akikwambia sinema bubu haihitaji mkalimani, mjibu kwamba hajawahi kuionyesha Ngara miaka ile ya wakimbizi. Mimi niliionyesha. Nilikuwa mtu wa jenereta na projekta, na mkalimani alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu. Wakubwa wa ofisi walitaka kumpeleka Biharamulo akalinde magunia, eti kwa sababu picha haisemi na yeye hana la kutafsiri. Nilikunjana na watu kwa ajili yake, na leo mtu akimcheka vibaya nitakunjana naye tena, kwa hiyo niacheni nieleze nilivyoona mwenyewe.

Projekta ilitoka misheni. Padri mmoja mzee alikuwa anarudi kwao kutibiwa, akaiacha pamoja na mikanda miwili ndani ya makopo ya bati. Watu wa ofisi iliyokuwa inahudumia kambi wakafurahi sana. Picha haina sauti, wakasema, haina lugha. Mrundi ataangalia, Mnyarwanda ataangalia, Mhangaza aliyekuja kuuza ndizi zake ataangalia, wote watacheka pamoja, hakuna wa kunung'unika. Wakauliza nani anaweza kuendesha mashine. Nikasema mimi. Nilikuwa siwezi. Nilichowahi kufanya ni kufungua redio ya baba na kuifunga tena, zikabaki skrubu za ziada mkononi mwangu, nayo ikaimba vizuri kuliko mwanzo. Basi nikajifungia ghalani na ile projekta, nikaizungusha kwa mkono, nikaungua vidole kwenye taa yake, tukagombana, mwisho tukaelewana.

Shemeji yeye hakuhitaji kujifunza kazi yake. Wazazi wake ni Warundi waliokuja na wimbi la zamani, wakapewa shamba Keza, wakawa watu wa hapa. Alitafsiri misheni, zahanati, mikutano ya kijiji, kila mahali, na koti lake la kijivu ambalo dada yangu alilipiga pasi ya mkaa hata kama ni la kwenda kutafsiri dawa ya minyoo. Kwetu huku mtu akisimama mbele ya watu akafungua mdomo, maneno yake lazima yamfikie kila mmoja kwa lugha ya nyumbani kwao. Hata kama Kihangaza na Kirundi ni mtu na mdogo wake, hata kama Mnyarwanda ameshaelewa na anatikisa kichwa, bado utamgeukia umwambie na yeye. Ni heshima. Na kambini ilikuwa zaidi ya heshima. Watu wale walikuwa wamekimbia mengi. Mkalimani akiruka neno moja, wanajiuliza: neno hilo lilikuwa lipi? Ndilo linalosema kesho tunarudishwa? Ndiyo maana Shemeji hakuruka kitu. Tulikuwa tukimtania kwamba mgeni akikohoa, yeye anakohoa mara tatu.

Siku ya kwanza tulionyesha mchana, ndani ya ghala la mahindi, madirisha tumeyaziba kwa maturubai ya kambi. Watu wamejaa mpaka juu ya magunia. Nikawasha. Kwenye shuka tulilotundika ukutani akatokea fundi wa chokaa, mwembamba, suruali imeishia juu ya vifundo vya miguu, amebeba ngazi ndefu begani na ndoo mkononi. Akakutana na bwana mmoja mnene. Wakasalimiana. Midomo ikacheza. Kimya.

Kimya kikaendelea. Nikaanza kusikia jenereta kule nje.

"Mkalimani!" mwanaume mmoja akaita kutoka nyuma. "Anasema nini?"

Shemeji akanigeukia. Nikajibu kwa sauti, "Hasemi kitu! Ndivyo ilivyo!"

"Anasema," bibi mmoja aliyekaa mbele kabisa akakata. "Nina macho, mwana wanje, mwanangu wee. Midomo inacheza."

"Mnatuficha!" mwingine akadakia.

Hilo neno, kambini, si neno la mzaha. Watu wakaanza kusimama. Shemeji akachukua kipaza sauti chake cha mkononi, akakiwasha, kikakoroma, akasema kwa Kirundi: "Anasema, mmeamkaje." Akageuka, akasema kwa Kinyarwanda. Akageuka, akasema kwa Kiswahili. Ghala zima likashusha pumzi na kukaa chini. Bibi akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyerudishiwa haki yake.

Tangu hapo Shemeji alikuwa amenaswa. Kila mdomo uliocheza akautafsiri. Na kwa kuwa hakuna maneno, alitafsiri hata miguu. Shida ikawa hivi: kuanguka kwa mtu hakungoji lugha tatu. Fundi anateleza, Shemeji anatangaza kwa Kirundi, watu wanaangua kicheko. Akifika kwenye Kiswahili, fundi ameshainuka, ameshajipangusa, anapigwa na ngazi kwingine. Na Shemeji ni mtu wa haki, hawezi kuwaacha Waswahili nyuma. Akaona dawa ni kuwahi. Baada ya siku chache mkanda alishaukariri, kwa hiyo fundi akiwa bado anatembea salama kabisa, Shemeji anasema, "Sasa ataanguka." Kwa lugha tatu, bila haraka, kama tangazo la chanjo. Watu wanakaa wanangoja. Fundi anaanguka. Wanasema, "Eee. Kweli ameanguka."

Kicheko kikafa. Walikuja, maana kambini hakukuwa na la kufanya mchana, lakini waliangalia kama watu wanaohakiki mzigo.

Kijana mmoja wa Nyamiaga akaniambia, "Shemeji yako anatutafunia nyama, halafu anatupa sisi."

Nikamkunja. Tukatenganishwa. Alikuwa sahihi, lakini wewe huwezi kuniambia jambo sahihi kuhusu shemeji yangu mbele za watu.

Halafu akaja mama msimamizi wa ofisi, mtu wa maneno machache, anayetembea haraka hata akiwa hana pa kwenda. Akasimama mlangoni, akaangalia kidogo, akaniita nje.

"Picha ni bubu," akasema. "Huyu anatafsiri nini?"

"Mama, hawa watu bila yeye hawa..."

"Nimewaona. Hata wakiwa naye hawacheki. Kule Biharamulo ghala letu linahitaji mtu wa lugha nyingi, wa kupokea madereva na kulinda magunia. Jumamosi nakuja tena. Kama hana kazi hapa, Jumatatu anapanda gari."

Nilimwambia maneno. Siyaandiki. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umemaliza? Jumamosi," akaondoka.

Sasa, Biharamulo si mbali ukiangalia ramani. Lakini barabara ya miaka ile, na malori yale, mtu akienda kulinda ghala anarudi kwake akibahatisha lifti. Na dada yangu alikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limeshatangulia mbele, anatembea ameshika kiuno. Shemeji alipompa habari hakulia. Alisema tu, "Basi utaniachia nani wa kunitekea maji, huyu mkorofi?" Huyu mkorofi ndiye mimi. Nikaingia jikoni nikapiga teke sufuria, bahati mbaya ilikuwa na maharage.

Kesho yake nikarudi ghalani peke yangu, nikafunga mkanda, nikauzungusha kwa mkono polepole, picha moja moja. Nilitaka kuona kicheko kinakaa wapi. Kuna pale fundi amechoka, anataka kukaa. Nyuma yake kuna ndoo imejaa chokaa. Yeye anadhani ni kigoda. Sisi tunaiona, yeye haioni. Basi anatoa kitambaa mfukoni, anapangusa hewa juu ya ndoo, apate pasafi pa kukaa. Anavuta suruali magotini isikunjike. Anashusha makalio. Halafu anasita, anakumbuka kitambaa, anakikunja vizuri, anakirudisha mfukoni. Ndipo anakaa. Nilirudia mara nyingi mpaka mkono ukauma, na kila mara nilicheka palepale: kwenye kitambaa kinachokunjwa, kabla ya chokaa. Kuanguka ni malipo tu. Ni kama ndizi za pombe tunazozifukia shimoni ziive. Ukizifukua kabla ya siku yake unakamua maji makali, hakuna atakayekunywa. Na Shemeji wangu alikuwa anakuja kila siku na jembe, anafukua.

Nikakimbia mpaka nyumbani. Nikamkuta amekaa na dada anayemenya ndizi za kupika.

"Shemeji, usiseme kabla."

"Nitasema lini?"

"Baada."

"Baada wameshaona kwa macho yao. Nitatafsiri nini, vumbi?"

"Angalia." Nikachukua beseni la maji, nikapanga niikanyage kamba ya mbuzi kwa makusudi. "Wewe tangaza kama kawaida yako."

"Sasa ataanguka," Shemeji akasema.

Nikaanguka, maji chwaa, kifudifudi kwenye maganda ya maharage. Dada akaniangalia. "Hilo beseni likipasuka utalinunua."

Nikajaza tena. "Sasa usitangaze." Nikatembea, nikaikaribia kamba, nikasimama, nikamsalimia mbuzi, nikakanyaga.

Dada akatazama ndizi yake. "Mara ya pili haichekeshi," akasema. "Na hayo maji nimeteka mimi."

Nikateta kwamba kwenye mkanda wa pili kuna mtu anateleza kwenye ganda la ndizi na inachekesha kila mara. Shemeji akauliza, kwa upole kabisa, ni nchi gani hiyo ambayo mtu anateleza kwenye ganda la ndizi. Sisi tumezaliwa ndizini, tunayakanyaga tangu tunatambaa, nani amewahi kuteleza? Hapo nikaliokota beseni, maana ni kweli. Nikalala na nguo zenye matope na hasira tupu.

Ijumaa mvua ikanyesha. Mlima wa Keza ukilowana unakuwa sabuni. Tulikuwa tunashuka na njia ya miguu, mimi na mkanda chini ya turubai, Shemeji mbele na koti lake na kipaza sauti amekikumbatia. Chini yetu wakatokea kina mama wa kanisani, wazee, wanapanda na mafungu ya kuni vichwani. Njia nyembamba. Shemeji akajisogeza pembeni awapishe, na mguu wake mmoja ukaenda Burundi, mwingine ukabaki Tanzania.

Hakuanguka. Nataka mlielewe hilo. Alipiga mbizi na kurudi, alizungusha mkono kama anayefukuza nyuki, kipaza sauti kiko juu kisilowe, mwili wote unauliza swali, na mwisho akapatikana amesimama. Wima. Akashusha pumzi, akarekebisha kola, akafunga kifungo cha koti. Akawatazama wale mama kwa heshima zote na kusema:

"Shikamooni."

"Marahaba, mwa..."

Akaanguka. Chini kabisa, makalio kwanza, akateremka mteremko amekaa, mpaka miguuni mwao, kipaza sauti bado juu.

Kuni zilimwagika. Mama mmoja alilazimika kukaa chini kwenye matope, akawa anapiga ardhi kwa kiganja. Mwingine alikuwa anajaribu kumpa pole kwa Kihangaza na neno halimaliziki, linakatikia kwenye kicheko, anaanza upya. Mimi nilishika mgomba. Nilicheka mpaka nikahisi mbavu zinaomba ruhusa.

Wale mama walipopanda na kupotea, vicheko vyao bado vinarudi kutoka juu, Shemeji alikuwa bado amekaa pale kwenye utelezi, anafikiri.

"Sikusema kitu," akasema.

"Ulisema shikamoo."

"Ndiyo. Lakini sikusema nitaanguka."

"Na ulifunga kifungo."

"Nilifunga kifungo," akakubali taratibu, kama mtu anayetafsiri jambo zito. Akajitazama tumboni, akakigusa. Ndipo naye akaanza kucheka.

Jumamosi ghala lilijaa kupita kawaida, kwa sababu habari kwamba mkalimani anahukumiwa ilishafika kila hema. Mama msimamizi akapewa benchi mbele, karibu na yule bibi wa midomo. Mimi nafunga mkanda upande usio wake, nafungua, nafunga tena. Nikawasha. Fundi akatokea na ngazi yake, akakutana na bwana mnene, midomo ikacheza.

Shemeji kimya.

"Mkalimani," mtu akaita.

Kimya.

"Leo kaambiwa anyamaze," sauti nyingine ikasema, na nikasikia ule mnong'ono mbaya unaanza kutambaa kwenye magunia. Mama msimamizi akageuza shingo. Nikajisemea basi, tumekwisha, na nikaanza kuchagua nitamkunja nani kwanza.

Shemeji akainua kipaza sauti. Kikakoroma. Akasema, kwa Kirundi, halafu kwa Kinyarwanda, halafu kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini ya mtu anayetoa siri:

"Huyu bwana hajui yatakayompata. Mimi najua. Leo hatufichwi sisi. Leo tunamficha yeye. Mtu asimwambie."

Sijawahi kusikia ghala la watu likinyamaza vile. Kulikuwa na watu mle ambao maisha yao yote mapya yalikuwa ni kufichwa mambo: lini, wapi, nani amebaki. Wakakaa sawa. Wakawa wenye siri.

Fundi akachoka. Ndoo nyuma yake. Akatoa kitambaa. Shemeji akainua kipaza sauti mdomoni, na watu wote, kwa mazoea, wakamgeukia wasikie "sasa ataanguka". Akavuta pumzi, ikasikika kwenye kipaza, hhhh. Fundi akavuta suruali magotini. Shemeji bado ameshika pumzi, mashavu yamejaa. Fundi akashusha makalio. Akasita. Akakumbuka kitambaa.

"Usiseme!" yule bibi akapiga kelele, amesimama, anamnyooshea Shemeji kidole. "Wee! Usiseme!"

Fundi akakunja kitambaa. Akakunja tena. Akakitia mfukoni. Akakaa.

Chokaa ikaruka. Shemeji akateremsha kipaza sauti polepole, akaiachia ile pumzi, akasubiri kidogo tu, halafu akasema neno moja la pole kwa lugha ya kwao:

"Ihangane."

Mabati ya ghala yalilia. Nawaambieni yalilia. Mtu alianguka kutoka juu ya magunia akaangukia wenzake, nao wakamwambia ihangane. Watoto walikuwa wanarukaruka. Kila ngazi ilipogeuka baada ya hapo, nusu ya watu walikuwa wanaangalia shuka na nusu wanaangalia mashavu ya Shemeji, na yeye, yule mtu wa haki, akawa anawapimia: mara anainua kipaza mapema, mara anachelewa, mara anakiinua na hakuna kinachotokea kabisa, fundi anapita salama, na hicho nacho kikawa kicheko. Mimi nilisahau mkanda, ukaisha, ukawa unapiga tapa tapa tapa kwenye gurudumu lake, shuka jeupe tupu, na watu bado wanacheka mwanga.

Nje, mama msimamizi alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitenge. Nikajipanga mbele yake. Nilikuwa na hotuba.

"Lakini hajatafsiri kitu," akaniwahi. "Nimesikiliza. Hajatafsiri hata neno moja la mle ndani."

Nilishafungua mdomo niharibu kila kitu. Yule bibi akanisukuma pembeni kwa fimbo.

"Shikamoo bibi," mama msimamizi akasema.

"Marahaba. Nasikia unamchukua mkalimani."

"Bibi, kwani amekueleza nini leo? Si alikuwa kimya?"

"Alikuwa kimya." Bibi akaegemea fimbo. "Sasa wewe ukimpeleka huko kwenye magunia, nani atatunyamazia?"

Mama msimamizi akamtazama. Akalitazama ghala, watu wanatoka wanaigiza kile kitambaa, watu wazima, wanakunja hewa na kuitia mifukoni mwao. Akanigeukia mimi, sijui kwa nini mimi, na kusema kwa ukali kana kwamba nimemshinda kwenye ugomvi, "Biharamulo nitatafuta mtu mwingine." Akapanda gari lake.

Tulipanda Keza jua bado lipo, mimi nasukuma baiskeli yenye projekta, Shemeji anasukuma nyuma. Niliongea njia nzima. Nilirudia bibi, nilirudia mashavu, nilirudia ile "ihangane" kwa sauti kumi, na nikapanga maneno ya kumwambia dada, nani aanze, nani amalizie. Shemeji hakujibu. Nikadhani amechoka.

Dada alikuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni, uso umekaza. Alikuwa ameshaanza kukunja nguo za mumewe. Niliziona kitandani kupitia mlango.

"Haya?" akasema.

Nikavuta pumzi. Shemeji akanikanyaga mguu.

Alimtazama mkewe. Akarekebisha kola. Akafunga kifungo cha koti, polepole, akakipapasa kama kimekaa vizuri. Nilikuwa napasuka. Dada akaangalia kile kifungo, akaangalia uso wa mumewe, na nikaona midomo yake inaanza kukataa kutulia.

"Unabaki," akasema. "Ungekuwa unaondoka, sasa hivi ungekuwa kwenye hotuba."

Akaanza kucheka akiwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, huku anatuomba tusimchekeshe, asije akazaa palepale mlangoni, na hakuna kati yetu aliyekuwa amesema kitu.